Hali: Kimetumika

Ukurasa wa mauzo unauliza hali ya kitabu,
na majibu ni matatu tu: kipya, kimetumika, kimechakaa.
Nachagua la kati.
Kaka yangu Endel hakuwa mtu wa kukiacha kitabu kipya.

Nimevimwaga sakafuni, hapa Tartu, ghorofa ya nne,
theluji ikigusa dirisha bila haja ya kuingia.
Mwongozo wa kufuga nyuki; jalada lina nta.
Ukarabati wa trekta, juzuu ya pili. Ya kwanza sijui iko kwa nani.
Kamusi ya Kifini isiyo na herufi K.
Sataranji kwa wanaoanza (hakuendelea).
Mapishi ya enzi ya foleni,
yasemayo "kama nyama ipo" karibu kila ukurasa.
Na vya upelelezi, kumi na kimoja, vyote
vina jina la muuaji ukurasa wa kwanza,
kwa penseli, ili mimi nisipate raha.

Napiga picha: mgongo, jalada, doa la kahawa.
Naweka bei, naifuta, naweka tena.
Euro mbili. Euro nne. Nyuki sita, kwa ajili ya nta.
Jirani yangu Maimu anasema nauza kama natupa.
Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza;
hivi vyangu vimekaa tu, havijui viko upande gani.

Wa kwanza alitaka trekta. Trekta anayo, imekataa kuwaka.
Wa pili alitaka vitabu vya bluu, vyovyote,
mita moja, vya kupamba rafu ya hoteli.
Nilivipima kwa utepe wa kushonea:
sentimita themanini na tatu. Akasema zatosha.

Wa tatu, S. Rebane, wa Valga, aliuliza jambo moja:
pembezoni kuna maandishi ya wino wa kijani?

Sikuwa nimeona. Nikavaa miwani.
Ilikuwepo penseli ya Endel, nzito, ya kulalamika,
na chini yake, kwa kijani, mwandiko mwingine,
mdogo, ulioinamia kushoto
kama mtu anayesikiliza mlangoni.
Kwenye nyuki: *Hapana. Malkia hapatikani hivyo.*
Kwenye mapishi: *Ongeza vitunguu. Mimi nipo, hata nyama isipokuwepo.*
Kwenye sataranji: *Zamu yako,*
na tarehe, Novemba ya mwaka themanini na tatu.
Penseli haikujibu.

Jumapili ngapi nimemmiminia chai mtu huyu!
Nilidhani namjua kama mfuko wa koti langu.

S. Rebane alinunua nyuki. Kisha mapishi.
Kimoja kimoja, kila Ijumaa, kama alipaye deni kwa awamu.
Sikumuuliza, naye hakusema.
Tunaandikiana "kifurushi kimefika, asante,"
na neno *kifurushi* linabeba lote, maskini, bila kupasuka.

Navipeleka kwenye kabati la chuma mbele ya duka.
Kijimlango hufunguka chenyewe, naweka, kinajifunga.
Hakuna karani wa kuuliza ndani mna nini.

Sataranji nimeiondoa kwenye mauzo.
Najua ni choyo. Nitaona.

Kimebaki cha uyoga.
Humo hamna kijani, nimekagua mara mbili,
ni penseli tupu: ramani ya msitu,
mti ulioanguka, hatua kumi na saba kwenda kaskazini,
siri ambayo kwetu hata mke haambiwi,
na mimi, dada mtu, sikuambiwa.

Leo ameuliza kama bado kipo.

Naandika. Hali: kimetumika.
Wino wa kijani: hakuna.
Bei naiacha wazi, kisanduku kinawaka nyekundu.
Naweka sifuri, kinakataa.
Chai imepoa, Maimu anagonga ukutani, redio yangu iko juu.
Naweka moja.

Msitu mzima, euro moja,
gharama za kutuma ni juu ya mnunuzi.