Chupa ya Saba

Njiru, mto ukishapungua,
nashuka na kreti ya chupa kumi na mbili,
kalamu isiyofutika, daftari la jalada la nailoni.
Nyaguthii yuko kwenye nduma zake,
au pale zilipokuwa.
Haniamkui. Anachomeka kidole ardhini
kama dereva anayepima oili.

"Zamani huu ulikuwa mgeni mwenye adabu.
Ulipiga hodi Aprili, ukalala siku mbili,
ukaondoka ukiacha zawadi:
tope kidole kimoja, jeusi,
laini kama uji wa wimbi.
Mnavu uliota bila kuombwa."

Mimi najua majina ya zawadi ile.
Nitrojeni. Fosforasi. Majani yaliyooza huko juu
yakaja kupumzika kwake.
Majina hayaoti.

Sasa kiangazi hurefuka, udongo hupasuka
hadi mtoto apoteze kiatu ndani,
na vijidudu, wapishi wa mboji,
hulala njaa, vyungu vimefunikwa.
Kisha mvua ya miezi miwili hunyesha usiku mmoja.
Wapishi hukurupuka, hupakua vyote kwa pupa,
na kabla mzizi haujanyoosha mkono
sahani zimeshasombwa.
Kiasi huruka hewani, gesi isiyo na harufu,
kuzidisha joto lililoiamsha.

"Samadi magunia tisa," anasema,
"ya mbuzi wa Osebe, nusu yake mkopo.
Deni bado liko. Samadi iko wapi?"

Nanyoosha kidole kunakoelekea maji.
Huko mbele, kwenye bwawa nisilolipima,
gugumaji limenona,
na chini ya zulia lile la kijani
samaki wanatafuta pumzi.
Si samadi yake tu: kuna vyoo vya mjini,
sabuni, gereji. Mto haubagui.
Lakini magunia tisa yamo.

"Na wewe umebeba nini?"

Nampa chupa ya saba, maji ya rangi ya chai
iliyopunjwa maziwa. Anaiinua juani.
Tunangoja. Ng'ambo mtu anapiga misumari
kwenye bati lililorudi bila nyumba yake.
Tope linatuama taratibu,
kidole kimoja, sawasawa.

"Hili langu."

Maji yakimwagika hayazoleki, tulifundishwa.
Yeye anafungua kizibo,
anainamia mche mmoja uliosalia,
anamimina polepole
kama anayemnywesha mgonjwa.

Nimeandika, kwa kalamu isiyofutika:
Chupa ya saba. Imemwagika.
Sikuandika wapi.