Kura ya Kunyamaza

Jumatatu jioni. Theluji ya siku nne imegeuka tope jeusi
mlangoni pa duka la kufulia nguo, mtaa wa Fayette,
katika mji uliotengeneza milango ya majokofu
na sasa hautengenezi kitu
ila foleni.

Mashine kumi na mbili, saba nzima.
Juu ya sanduku la sabuni, televisheni imefungwa mnyororo
kama mbwa aliyewahi kuuma mtu,
na ndani yake karani wa Seneti anaita majina
taratibu, kama mtu anayepapasa ufunguo gizani
na hataki kuwaamsha waliolala.

Ndiyo. La. Ndiyo. La. La.

Arlene Dombek anahesabu kwa soksi:
ndiyo kushoto, la kulia.
Zilipokwisha soksi, akaendelea na taulo za mkono.
Miaka kumi na tisa alikagua mipira ya milango,
jicho lake halikosi,
na tangu Oktoba jicho hilo halina cha kukagua
isipokuwa sisi.

"Hizo ni pesa za wajukuu wangu," asema Delbert Yoakum,
akiiambia televisheni, si sisi.
"Dawa ya deni kulipa, si kukopa tena."
Ofelia mwenye duka hakuinua uso daftarini:
"Na dawa ya njaa, Delbert? Hotuba?"

Kwa maana wiki nzima wamehutubu.
Nimewasikia nikimenya viazi, nikipiga mswaki,
nikiitazama simu na kuiomba isilie, kwa kuwa ingekuwa benki.
Mmoja alisema daraja. Mwenzake akasema shimo.
Mmoja alisimamisha chati ya rangi tatu,
akaufuata kwa kalamu mstari mwekundu unaoporomoka,
nami nikautambua:
nilikuwa juu yake, karibu na ukingo wa karatasi,
na kalamu ilinipita bila kusita.

Kisha kura moja ikabaki njiani.
Tukaambiwa ndege imetua, gari limetoka uwanjani.
Tukasubiri. Maji ya mashine yakabadilika mara mbili.
Akaingia mzee, koti la baridi bado mwilini,
hakusema neno; akainua kidole gumba mbele ya karani
kama msafiri anayesimamisha lori
kando ya barabara kuu.

Sitini.
Sitini kamili. Ingepungua taulo moja
tungekuwa tunasikiliza hadi sasa.

Hakuna aliyepiga makofi.
Tobin, mwana wa Arlene, ana miaka tisa na swali:
"Tumepata nini?"
Nikamwambia, wamekubaliana kunyamaza.
Kesho ndiyo watapigia kura pesa zenyewe.
"Kwa hiyo wamepiga kura ili wapige kura?"
Ofelia alicheka mpaka akashika kaunta,
kicheko kirefu, kisicho na furaha wala chuki,
kikaishia kwenye kikohozi.

Delbert akavaa kofia yake. Akaivua.
Mfukoni mwa shati barua ya kiwanda ilichungulia,
bahasha ya kijivu, sote tunayo,
waliompenda na waliomchukia aliyeinua kidole.

Ndipo mashine ya kukaushia, namba nne, ikazimika.
Arlene akaingiza mkono: mablanketi bado maji.
Akapekua koti. Funguo. Risiti. Funguo tena.
Tukasikia sarafu ikidondoka tunduni, na mashine ikaguna.
"Ni mkopo," Delbert akasema, akitazama ukuta.
"Riba yake?"
"Usinisemeshe mpaka yakauke."

Kwenye televisheni walikuwa wakipeana mikono,
wengine wakitoka haraka bila kugeuka.
Ofelia akapunguza sauti.
Tukasimama wote mbele ya kioo cha mviringo
tukiyatazama mablanketi yakipanda,
yakining'inia, yakianguka.

Robo dola hununua dakika nane.
Kwa jinsi nilivyoyashika mimi, na si mtaalamu,
yalihitaji ishirini.