Rangi Iliyokataa Kuja

Kimsan alikuwa na kilo hamsini na mbili.
Nakumbuka kwa sababu niliandika mimi,
kalamu ya bluu, ukurasa wa tisa wa daftari:
jina, uzito, joto la mwili, idadi ya vidonge.
Mvuna mihogo, miaka kumi na tisa,
katoka Kampong Cham kufuata kibarua Pailin,
na mbu wa Pailin hawamuulizi mtu kwao wapi.

Mficha maradhi, husemwa, kifo humuumbua.
Sisi hatukuficha.
Tulimtoboa kidole, tukayasoma maradhi kwenye tone la damu,
tukayataja kwa jina,
tukayalipia rieli elfu kumi na mbili dukani,
maana zahanati ilikuwa na kabati tupu na kufuli zima.

Boksi lilikuwa zuri.
Hilo ndilo linaloniwasha hadi leo: lilikuwa zuri.
Kibandiko kiling'aa; ukikigeuza, mlima unatoka, mlima unazama.
Herufi zimenyooka. Tarehe ya mwisho iko mbali,
mbali kuliko ya Kimsan.
Nilimpa kwa mkono wangu, na maji ya kuchemsha,
nikamwambia: meza, kesho utatoka jasho, utaomba wali.

Na kweli alitoka jasho.
Homa iliondoka kama mdai anayezunguka nyuma ya nyumba.
Akala wali. Akanitania kwa mwandiko wangu.
Siku ya tatu akaanza kuzungumza na ng'ombe wa kwao,
akiwaita mmoja mmoja.
Siku ya nne nikapiga mstari ukurasa wa tisa.

Mvua zilipokatika wakaja wawili kutoka mjini,
maabara nzima ndani ya begi.
Wakasaga kidonge, wakakidondoshea maji yao,
wakasema: kikiwa cha kweli, patakuja manjano.
Tukangoja, mimi, wao, na mzee Leng mwenye duka,
tumeinamia kichupa kama watu waliodondosha kitu kisimani.

Maji yakabaki maji.

Unga wa mahindi, walisema. Chaki.
Na chembe ya dawa ya maumivu, ili homa idanganyike.
Katika boksi jingine, la rafu ya chini,
walikuta dawa ya kweli, lakini kidogo, kidogo mno:
si ya kuua vimelea,
ya kuvifundisha.

Watu wakamgeukia mzee Leng. Mmoja akaokota jiwe.
Hakukimbia. Aliingia ndani
akatoka na pakiti ileile, vidonge vinne vimeshatolewa,
akasema: hivi anakunywa mjukuu wangu, Malis. Tangu juzi.
Sikuona jiwe lilipoangukia.
Tulikuwa tunakimbia sote, na aliyeliokota
ndiye aliyewasha pikipiki.

Malis yu hai. Anasoma darasa la pili, hapendi hesabu.

Aliyechapa ule mlima simjui.
Nadhani ana mashine safi, na jicho la fundi,
na mwanawe akiugua
hununua dawa kwingine.

Wagonjwa siku hizi huniuliza, hii ni ya kweli?
Nasema ndiyo, na wanautazama mkono wangu,
ambao haujajifunza kuharakisha tena.
Nimechora safu mpya katika daftari, kwa rula:
namba ya boksi.
Naijaza kabla ya jina.
Ukurasa wa tisa
safu hiyo haina.