Mkeka au Kitanda cha Springi

Mgongo wangu ulizeeka kabla yangu.
Miaka ishirini na saba nimeinamia cherehani hapa Isevya,
napindua kola za sare za shule,
hadi mtaalamu wa viungo pale Kitete akanibonyeza kiuno
akasema, "Mama Nyanso, jaribu pilatesi,"
kana kwamba ananituma dukani chumvi.

Ipi sasa? Maana nimeuliza, nikakuta ni ukoo mzima.

Kwa Kalunde, nyuma ya stesheni, kuna kitanda kinachotembea:
fremu ya mninga, fundi aliichonga kwa kuangalia picha,
springi nne, kamba mbili,
na godoro linaloteleza kwenda na kurudi
kama droo isiyotaka kufungwa.
Nyekundu nzito, akanieleza, ya bluu nyepesi,
ila usidhani nyepesi ndiyo rahisi:
springi ikilegea, tumbo lako ndilo linalokushika.
Niliigusa ile nyekundu. Ikalia kwii.
Nikakumbuka bei, nikaondoa kidole.

Mwanangu Mihambo akanionyesha kwenye simu
ile ya ukutani: miguu juu, makalio kwenye lipu.
Lakini kuta zangu zimejaa majora ya vitambaa,
na goti likienda upande nani ataniambia,
simu?

Ikabaki ya chini. Ukumbi wa Cheyo,
Jumanne na Alhamisi, saa kumi na mbili alfajiri,
Bibi Msabila, mkunga mstaafu,
hana chombo ila sauti na kiganja.
"Jaza pumzi mbavuni. Kitovu kikimbie zipu."

Nilidhani mkeka naujua.
Nimeukalia misiba mingapi, miguu ikifa ganzi;
nimeuanikia mpunga, nimemlazia mama siku zake za mwisho.
Sijapata kuulalia kwa ajili ya kiuno changu mwenyewe.
Ukaniona mgeni. Nami nikauona mgumu.

Inua kichwa, pigapiga mikono hewani, hesabu mia.
Nilifika thelathini na nne.
Aliyelala kushoto kwangu, mke wa fundi baiskeli,
alifika sitini, akacheka,
na kicheko kikamwangusha chini kama gunia.

Sijaapa kwa lolote.
Kalunde nimemwambia, subiri mume wangu ashushe mizinga,
asali ikiuzwa nitakuja kupanda hicho kitanda chako.
Bibi Msabila anasema anza chini,
uijue mifupa yako kwa majina kwanza, mashine haiozi.
Labda ni kweli.
Labda ni woga wangu tu umevaa miwani ya busara.

Jana jioni nilitunga uzi kwenye sindano
bila kuegemea meza,
mabega yakiwa chini, mbavu zimefungwa kama alivyotufunza.
Mgongo uliuma vilevile.
Ila uliuma mahali papya.