Kikopo

Kina kijiko kifunikoni, kama vile vya aiskrimu.
Mwanangu alipokiona mara ya kwanza alicheka
hadi akashika tumbo,
kisha akaacha kucheka, kwa sababu ya tumbo.

Kiasi cha njugu mawe moja, alisema nesi Ndalu.
Kisiguse maji, kisiguse mkojo.
Fomu inaiita sampuli.
Daktari anaiita haja kubwa.
Mama mkwe, asiye na muda wa kuzunguka,
anaiita mavi, na akishasema
anarudi jikoni kukoroga uji wa uwele.

Miaka miwili tulitibu kila kitu.
Amiba. Minyoo. Taifodi mara tatu.
Mtu mmoja wa Chamwino akasema ni jicho,
mwingine akasema ni zabibu mbichi, anadokoa shambani.
Damu ilikuja na kuondoka bila hodi.
Kwenye mwimo wa mlango tulipima urefu kwa mkaa:
mstari wa Nyemo ukabaki palepale,
wa mdogo wake ukaupita siku ya Pasaka.
Hatukusema neno. Baba yao
alipaka mlango rangi.

Ndipo mjini wakamlaza kwa sindano,
wakapitisha mpira wenye kamera
hadi wakaona vidonda.
Alipozinduka hakulia.
Aliuliza, "Mama, walikuwa wangapi?"
Nikasema wawili.
Walikuwa watano.

Tangu hapo, kila baada ya miezi mitatu, kikopo.
Hakuna mpira, hakuna usingizi wa dawa.
Utumbo ukiwaka, alinieleza Ndalu,
kuna protini inadondoka humo, inatoka na choo,
na maabara wanaihesabu.
Nikamwambia basi nimeelewa:
ukiona makapi uani
huulizi kama kuna aliyetwanga.

Nakitoa Hombolo alfajiri
ndani ya boksi la zabibu, na barafu ya dukani kwa Mbeleje,
mashada juu, kikopo chini, mifuko mitatu katikati.
Njiani mama mmoja aliomba aonje.
Nikamwambia hizi zina mwenyewe.

Agosti, Nyemo akasema amepona.
Alikula ugali na mlenda, akaomba tena.
Alicheza mpira kwenye vumbi mpaka giza.
Nilikipeleka kikopo kwa mazoea tu,
kama mtu anayerudi kuhakikisha mlango aliokwisha kuufunga.

Mara iliyopita ilikuwa tisini.
Safari hii, elfu moja na mia mbili.

Nilidhani wamechanganya majina.
Nikarudi nyumbani nikalitazama shati lake la kulalia:
ukosi umejaa matundu.
Wiki nzima nilikuwa nimewasingizia panya.
Alikuwa akiung'ata, usiku,
ili sisi tulale.

"Kimenisema," alisema,
akikitazama kikopo kipya juu ya kabati
kama unavyomtazama rafiki uliyempa siri.
Nami sikuwa na jibu, kwa kuwa ni kweli
kilimsema, na kabla yake
mimi, mama yake, nisingejua.

"Nikisema linauma, watanilaza."

Daktari hakumlaza. Si safari hii.
Alibadili dawa, akasema tuonane baada ya wiki nane,
na huko mbele hakuniahidi kitu.
Niliipenda hiyo, kutoahidi kwake,
ingawa njia nzima ya kurudi nilikuwa na hasira naye.

Wiki ya nane Nyemo aliomba kalamu.
Alijifungia chooni, akatoka na kikopo kimefungwa vizuri
kuliko nilivyowahi kukifunga mimi.
Jina. Umri. Saa kumi na mbili na robo.
Na pale pembeni, pasipo na mstari,
kwa herufi za kubanana:
jana usiku liliniuma, kidogo tu.

Kijana wa maabara alikigeuzageuza kwenye mwanga.
"Nani kaandika hapa?"

Mwenye mali, nikamwambia.