Milimita Nne

Bi Holo Lugendo hakuja amepanda, alikuja anaiburuta,
pikipiki kibeti, ringi ya inchi nane,
kiti kimeshonwa kwa turubai la mahema.
Akaiegesha kwenye kivuli cha jiwe letu hapa Mabatini.
Tairi la nyuma linaliwa upande mmoja, alisema.
Hili la tatu tangu niitoe stoo ya marehemu kaka.
Nipe namba, fundi. Usinipe hadithi.

Miaka thelathini na moja alisoma mita za maji,
Igogo mpaka Nyakato, geti kwa geti, mbwa kwa mbwa.
Anajua mtu anavyozungusha maneno
bomba likivuja kwake.

Nikapiga magoti.
Kulia kashata zimesimama, punje ya mtama inajificha humo.
Kushoto kipara,
kinang'aa kama kisigino kilichosuguliwa kwa jiwe la ziwani.

Upepo kwanza. Nikapima, upo.
Na upepo ukipungua, tairi huliwa kingo zote mbili,
halibagui.
Barabara, basi? Zetu zimebinuka mgongo,
nasi tunapita kushoto, kwenye mwinamo,
kwa hiyo tairi huisha kulia.
Nimezeeka nikiwaambia watu hivyo. Kulia.
Hili limenikatalia mbele ya mteja.

Nikazungusha ringi, haichezi.
Nikasikiliza beringi kwa bisibisi sikioni, kimya.
Alama za kukazia cheni: kushoto tatu, kulia tatu.
Mita haidanganyi, akasema Bi Holo,
anayedanganya ni msomaji.
Sikumjibu.

Nikamtuma Sagenda mwaloni Kirumba
alete uzi wa nyavu, ule usiovutika.
Akarudi nao unanuka dagaa.
Tukafunga nati kubwa mwishoni, ikawa timazi,
tukangoja upepo wa ziwa utulie,
nao hautulii kwa kuombwa.
Ulipotulia:
gurudumu la mbele wima.
La nyuma limeegemea kushoto
kama mtu anayesikiliza maongezi ya jirani.
Uzi umegusa juu, chini umeachia
milimita nne.

Nne, nikasema.
Akaandika.

Nikachomoa ekseli.
Bushi ya kulia haikuwa ya kiwandani,
kipande cha bomba, robo tatu, kimeota kutu.
Hilo ni bomba letu la maji, akasema Bi Holo, na kucheka
kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Mimi sikucheka.
Nilikuwa nimeliona kata lake.
Limekwenda mshazari, kisha kuna mikwaruzo miwili pembeni
pale msumeno uliporuka ukaanza upya.
Mwaka wa elinino. Nina miaka kumi na sita,
fundi Bulugu amenifunga mkono wa kushoto kwa kamba ya mpira
ili nijifunze kukata kama watu.
Kulikuwa na mteja mpole, Ngussa, anangoja juu ya ndoo.
Nikakata. Nikakaza nati mpaka chuma kikalia,
na chuma kilipolia nilidhani kimekubali.

Kumbe kaka mtu aliiendesha wiki mbili,
ikamvuta kando, akaifungia stoo,
akafa akiamini hajui kuendesha.
Hilo aliniambia dada yake hapo hapo,
bila kujua anamwambia nani.

Nikachukua msumeno kwa mkono wa kushoto.
Nikakata bushi mpya, nikaipiga msasa juu ya kioo,
nikaisimamisha kiganjani: haikuyumba.
Tukarudisha, tukapima. Uzi uligusa juu, ukagusa chini.

Bi Holo hakufunga daftari.
Kalamu ilikuwa imefika safu ya mwisho.
Aliyekata la kwanza, akauliza, jina lake?

Sagenda aliacha kupampu.

Nikaanza kulitaja, herufi moja moja,
naye akaandika bila kuinua macho.
Sijafika jina la ukoo
alishageuza ukurasa:
matairi matatu,
mara elfu arobaini.