Mgawanyo wa Pijo

Baraza la kata lilikaa siku tatu, Mabawa,
likashindwa kugawa Pijo moja kwa watu wawili.
Siku ya nne karani akasema, kwa kuchoka tu:
"Bwana achukue bodi, bibi achukue injini."
Watu wakacheka. Mwanamkuu hakucheka.
Akauliza, "Na giaboksi?"
Karani akaandika: na giaboksi.

Mimi ndiye niliyeing'oa, hapa Gofu,
kwa winchi ya kuazima
na mnyororo wenye pingili moja ya waya.
Mbaruku alisimama mlangoni, mikono mfukoni,
akiitazama ikining'inia kama mbuzi wa Idi,
oili nyeusi ikidondoka kwenye vumbi la mbao.
Alipoondoka aliondoka na ufunguo.
"Huu," alisema, "ni wa bodi."

Dizeli, silinda nne. Miaka kumi na saba
ilipandisha abiria Lushoto, ikashusha kabichi.
Kona zote za Soni nilizisoma kwenye pleti ya klachi.

Mwanamkuu akanipeleka Kigombe,
akanionyesha boti ya mbao za mfenesi
inayonuka mwani mbichi.
"Itie humu."

Nikamwambia ukweli, kama daktari asiye na haya:
rejeta haitafaa, nani ataipepea?
Na nikiinywesha bahari,
chumvi itakula njia za maji
kabla mwanao hajamaliza muhula.
Basi nikapinda bomba la shaba,
nikalilaza nje, ubavuni mwa mkuku,
maji matamu yazunguke humo kwa humo,
bahari iyapoze bila kuyaonja.
Nikakata tairi la lori la mkonge, injini ikapata pa kukalia.
Shafti niliichonga mara mbili; ya kwanza ilipinda, hasara yangu.
Gia nne zote zimo.
Yenye kazi ni moja, na ya kurudi nyuma.

"Ila kuna jambo," nikamwambia.
"Gari hupanda, likifika juu huteremka,
hapo ndipo injini inapovuta pumzi.
Boti haina mteremko.
Maji ni mlima mmoja, toka kamba inapofunguliwa
hadi inapofungwa tena.
Usiikanyage kupita nusu. Utaizika."

Alikuwa anakamua pindo la kanga.
"Mlima usio na kushuka," akasema, "naujua.
Nusu inatosha."

Siku ya kwanza iligoma. Hewa kwenye bomba la dizeli,
nikainyonya kwa mdomo, nikatema, nikanyonya.
Ilipowaka, ilinguruma kwa sauti ile ile ya stendi,
na wanawake wa mwani, viroba kichwani,
wakageuka wote.
Mmoja akapayuka: "Mombo, Mombo, wawili wa mwisho!"
Tukacheka mpaka boti ikayumba.

Bodi ipo Mikanjuni, juu ya matofali.
Kuku wanataga siti ya nyuma.
Mbaruku hukaa kwenye usukani akisoma gazeti la jana,
na mvua ikinyesha hupandisha vioo.
Alipita hapa mwezi uliopita, eti anatafuta nati.
"Inakunywa kiasi gani huko?"
"Lita tatu kwa saa."
Akahesabu kimoyomoyo.
"Asubuhi ilikuwa inakohoa. Bado inakohoa?"
"Bado."
Akanunua nati moja, akalipa ya mbili.

Kimebaki kitu kimoja ambacho baraza halikukitaja.
Kimo kwenye droo yangu, chini ya plagi mbovu:
honi.
Yeye anasema ilifungwa kwenye bodi, kwa skrubu mbili,
na matundu yake yapo, nikayaone.
Mwanamkuu anasema honi ni umeme,
na umeme anautengeneza nani?
Wote wana haki. Mimi nina droo.

Juzi, saa ya kufunga, nikaigusisha kwenye betri,
nione tu kama ingali hai.

Mtaa mzima ukasogea pembeni.